Chupa Sita za Rafu ya Chini

Jumanne, 31 Oktoba

Miguu inauma. Baridi imeingia, ile inayotafuna vifundo. Saa kumi na mbili asubuhi nilishafika maabara, glovu mkononi, na hapakuwa na mtu mwingine ila mashine zinazokoroma.

Kesho ni Watakatifu Wote. Mkesha wa sikukuu rafu ya chini ya friji haibaki na kitu, ndiyo sheria tangu nilipokuwa ghorofa ya juu. Nimekuta chupa sita. Maji meupe, safi, hata rangi hayana. Zimefungwa pamoja kwa mpira, na karatasi juu.

Na hiyo karatasi — nimeisoma mwenyewe! Herufi kwa herufi, kidole chini yake. Kutupa. Hivyo tu. Mbele ya neno palikuwa na n moja peke yake, ina kiwimbi kichwani kama unywele uliosimama. Labda kalamu iliteleza. Lakini neno nimelikamata: kutupa. Mwaka jana ningeibeba karatasi mpaka kwa mlinzi, nikasema nimesahau miwani. Leo sikumwuliza mtu. Nimemwaga zote sita, nimeosha, nimezitia kwenye jiko la mvuke, nimezipanga rafuni na nyingine. Zinang'aa.

Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Mume wangu Abílio amekunywa kahawa yake, nusu mdomoni nusu kifuani. Akasema shati lilikuwa na kiu. Nimemfunga vifungo vipya. Mkono wake wa kulia leo haukutulia hata alipolala.

Mwalimu Quitéria wa darasa letu la kusoma anasema tuandike kila siku, hata mistari mitatu, yeye hatasoma. Mkono unajifunza kwa kutembea, anasema. Basi huu umetembea leo.

Jumatano, 1 Novemba

Makaburini. Maua, mishumaa, watu wote wa mji wa Braga na makoti yao. Nimesugua jiwe la mama kwa brashi. Nimesoma jina lake, mara mbili. Miaka thelathini namwekea maua juu ya maandishi nisiyojua yanasemaje.

Alinipeleka kutumika nyumba za watu nikiwa na miaka saba, mama. Kaka zangu walienda shule. Simlaumu. Lakini leo nilimwambia kwa sauti: unaona, mama yangu, nimekusoma. Mwanamke wa kaburi la pili akanitazama. Nikamtazama na mimi.

Alhamisi, 2 Novemba

Mungu wangu.

Nianzie mlangoni. Carlota kaja na basi la alfajiri kutoka kwao milimani, begi mgongoni, mashavu mekundu kwa baridi. Huyu ndiye binti anayesomea udaktari wa vitabu pale maabara, huu mwaka wake wa tatu. Kaniletea mfuko wa chestinati, njugu za miti ya kwao, kutoka kwa mama yake. "Hizi za babu Abílio, bibi. Nakujua wewe, usimnyang'anye mgonjwa." Tumecheka. Akaenda kufungua friji.

Akafunga. Akafungua tena — kana kwamba vitu hurudi mlango ukifungwa.

"Chupa zangu ziko wapi?"

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Nikaendelea kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Daktari Taveira akaingia, mkuu wao, mtu mrefu anayeongea akitazama saa. Carlota akamwambia: chupa sita, alizivuna Jumatatu jioni, aliziweka rafu ya chini maana ya juu ilijaa, aliweka na karatasi. Leo alikuwa azikoleze kwenye mashine halafu zigandishwe. Daktari akanigeukia. "Bibi Etelvina, umeziona?"

Nikasema: "Sijaona."

Hivyo tu! Lilitoka kama kikohozi. Sikupanga. Lakini nilipouona uso wa mtoto yule nilijua lile neno nimelisoma vibaya, sijui vipi, ila nimelisoma vibaya. Na mtu asiyejua kusoma ana majibu yake, anatembea nayo miaka yote kama funguo: sijaona, sijui, sikuwepo. Mdomo ulichukua la kwanza.

Daktari hakuuliza mara ya pili. Akaitikia kwa kichwa. Angenibana hapo hapo ningetapika yote. Hakunibana.

Baadaye nilimkuta Carlota kwenye chumba changu cha kuoshea, kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia bila sauti. Nikamwambia, lakini seli zako zipo, binti, nimeziona kwenye kabati la joto. Si ndizo mali?

Akacheka na kamasi. "Bibi, ukimpikia mzazi supu ya kuku, nguvu inabaki kwenye kuku?"

"Hapana. Inahamia kwenye supu. Kuku anabaki nyuzi tu."

"Basi ndiyo hivyo. Zile ni seli shina, zimetoka kwenye kamba ya kitovu aliyotupa mama mmoja baada ya kujifungua. Tunazilea wiki tatu. Mwishoni tunaziweka kwenye maji safi siku nzima, nazo zinayatemea vitu vyake, vya kutuliza, vya kulinda. Kuku tunamtupa, bibi. Supu ndiyo inayolinda seli za ubongo zisife. Supu ndiyo kazi yangu yote."

Miaka kumi na tisa ghorofa ya juu nimefundishwa kinyume: maji mwaga, seli tunza kama mayai ya kuatamia. Walinishusha huku Septemba. Wakanipa maelekezo, kurasa nne. Nikasaini. Nani angenisomea?

Nilimpangusa pua kwa aproni yangu. Mkono huu huu.

Ijumaa, 3 Novemba

Sikulala vizuri. Nilikuwa mnyonge kazini, nikavunja mrija mmoja wa kioo. Wa kwanza tangu nianze.

Kuna panya kumi na wanane kwenye chumba cha mwisho. Nawajua, naosha chupa zao za maji. Waliharibiwa ubongo upande mmoja makusudi ili wawe na ugonjwa kama wa Abílio. Wanazunguka, wanazunguka, kama mlevi anayetafuta mlango. Kila siku seli zao nyingine zinakufa. Ile supu ilikuwa waingiziwe Jumatatu hii, wakati bado kuna kitu cha kulindwa. Carlota ana mbegu ya seli kwenye friza, anaweza kulea nyingine — wiki tatu. Baada ya wiki tatu panya hawatakuwa na kitu cha kulindwa. Watauawa bure, na mwaka wa binti umekwenda nao.

Daktari alisema naye leo, mlango wazi, mimi na fagio langu kwenye korido. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema chupa hazina miguu. Alisema Bibi Etelvina hajapoteza hata kizibo miaka kumi na tisa, na kasema hajaziona. Kwa hiyo ama Carlota hakuvuna kitu, alikimbilia sikukuu kwao mapema akaja na hadithi, ama ni mzembe kiasi cha kutojua alipoweka. Alhamisi kamati inakaa. Kazi atapewa mwingine, na yeye pengine arudi kwao.

Carlota alijibu: "Niliziweka, Daktari." Sauti ndogo.

Kumbe jina langu zuri ndilo linalomnyonga. Nilidhani nimekaa kimya tu. Kumbe nimetoa ushahidi.

Jumamosi, 4 Novemba

Jumamosi Carlota hula kwetu. Ilianza mwaka jana nilipomkuta anakula biskuti chakula cha mchana, nikamwambia hata mbwa wa jirani anakula vizuri kuliko wewe. Nilitumaini leo hatakuja. Nilitumaini atakuja. Kaja.

Nilishampika kuku tangu asubuhi, kwa mazoea. Supu ya kuku na mchele kidogo, jani la mnanaa. Nilipoweka bakuli mbele yake tukalitazama bakuli wote wawili, na yeye akatabasamu, masikini, akidhani nimefanya mzaha wa kumchangamsha.

Abílio alikuwa na siku nzuri. Kijiko kilifika mara nyingi. Akamtania: "Mjukuu, mbona unakula kama panya wako?" Carlota akacheka, kisha akaweka kijiko chini. Akasema kitu ambacho sitakisahau mpaka wanifukie.

Akasema labda kweli hakuvuna.

"Nakumbuka nimeshika chupa. Nakumbuka nikiandika karatasi. Lakini labda ni za wiki nyingine. Usiku nazihesabu tena na tena, mpaka sijui kipi nimefanya na kipi nimeota. Labda nina tatizo, bibi. Labda kichwa changu kimechoka kabisa."

Abílio: "Kichwa kibovu nyumba hii ni kimoja, na kina mwenyewe. Na mimi ni wa kutetemeka, si wa kusahau. Usinichanganyie magonjwa." Lakini alimtazama kwa huruma. Halafu akanitazama mimi, muda mrefu kidogo.

Carlota akaniuliza, bibi, hukuona hata karatasi? Hata kipande?

Nikasema: "Kula, inapoa."

Si uongo, huo? Ni uongo uliovaa aproni. Mtoto anasomea akili za watu, na mimi namfundisha asiamini yake.

Nilimfungashia mkate wa mahindi, jibini, mapaja yote mawili ya kuku. Nikamfulia soksi alizokuja nazo zimelowa, nikazikausha kwenye jiko, nikampa nyingine za Abílio. Akanikumbatia mlangoni. Akasema bila wewe sijui ningekuwa wapi.

Ungekuwa na supu yako kwenye friza, mwanangu. Hapo ndipo ungekuwa.

Jumapili, 5 Novemba

Nilipanga foleni ya kuungama. Watu sita mbele yangu. Nilikuwa na maneno tayari. Nilipopiga magoti nikamwambia padre nimemtukana fundi bomba na nimekula soseji siku ya Ijumaa.

Akaniuliza kama kuna jingine.

Nikasema hilo la soseji lilikuwa mara mbili.

Salamu Maria tatu. Nimezisali. Hazikushika popote.

Jumatatu, 6 Novemba

Leo ndiyo ingekuwa siku ya panya kupewa dawa. Chumba cha mwisho taa ilizimwa.

Jioni darasani, ukumbi wa parokia. Tuko tisa, mdogo ana miaka sitini na minane. Mwalimu Quitéria akauliza nani ana neno lililomshinda wiki hii. Belmiro, yule aliyekuwa mchonga mawe, alikuwa na neno la kwenye pakiti ya dawa yake ya choo, tukacheka mpaka Mwalimu akafuta machozi. Ndipo nikanyoosha mkono. Nikaenda ubaoni. Nikachora n, nikaipa kiwimbi chake.

Mwalimu akasema: "Ah, hiyo! Hiyo hamtaikuta kwenye kitabu changu. Hao vijana wa chuo hawana muda. Hapana yetu ya Kireno, 'não', hawaiandiki nzima. Wanaandika n, wanaipiga kiwimbi, wanakimbia. Ukiona hiyo mbele ya neno, Etelvina, maana yake usifanye."

Belmiro akasema, kumbe hapana ina kofia! Wote wakacheka. Nikacheka na mimi. Nilisikia kicheko changu kama cha mtu wa chumba kingine.

Usifanye. Usitupe.

Neno lenye uzito wote ule, wameliminya mpaka limekuwa unywele.

Nikwambie ukweli, daftari: kitu cha kwanza kilichonijia ni hasira. Na yeye! Mbona hakuandika neno zima? Nani anafupisha hapana? Mambo yote yafupishwe, hilo liachwe! Na rafu ya chini kaweka ya nini, haijui sheria? Niliilea hasira hiyo kutoka parokiani mpaka mlangoni kwangu, tamu kama peremende. Kwenye ngazi ikaisha.

Maana kusoma vibaya ni kosa, na kosa ni la Jumanne. "Sijaona" ni la Alhamisi. Na la Ijumaa. Na la Jumamosi mbele ya bakuli. Hilo halikuandikwa na mtu kwa kifupi. Hilo nalitengeneza upya mwenyewe kila siku, mbichi, kama mkate.

Jumanne, 7 Novemba

Carlota bado anakuja saa moja asubuhi kuwapima panya uzito, ingawa haruhusiwi tena kuwagusa kwa dawa. Anasema wao hawana kosa. Mmoja alikuwa akizunguka, akaanguka, akainuka, akazunguka. Binti akaweka kidole kwenye waya akamsemesha. Kavaa soksi za Abílio.

Mchana nimemwambia Abílio. Nilikuwa namnyoa. Nilichagua wakati ambao hawezi kugeuka, mwoga mimi.

Aliningoja nimalize shavu la pili. Kisha akauliza, hayo maji yangekuja kwangu?

Nikasema hapana. Ya panya. Kwa watu bado, Carlota alishasema, miaka, na huenda isiwe kamwe.

"Basi mimi hujanidhulumu. Usiniombe mimi msamaha."

"Sijakuomba msamaha. Nakwambia."

"Unaniambia mimi kwa sababu mimi ni rahisi." Akainua ule mkono wake, ukacheza hewani kama jani. "Angalia. Huu nauambia tulia, hautulii. Hauna bwana. Lakini ulimi wako wewe ni mzima, Etelvina. Miaka hamsini na moja nimeishi nao, naujua, hauchoki. Leo unautuliza wa nini?"

Nikamwambia akae kimya nisimkate. Hakuwa na povu tena usoni.

Kisha akasema, taratibu, kwamba kama watanitoa kazini nitakaa naye nyumbani, atakuwa na mtu wa kumtukana mchana kutwa. Nililia kwenye taulo lake. Linanuka sabuni ya ndevu. Miaka hamsini na moja.

Jumatano, 8 Novemba

Nimekwenda kwa Daktari Taveira. Nilivua glovu, nilivua aproni, nikabisha hodi. Hakuna aliyewahi kuniona pale bila ndoo.

Nikamwambia, nikiwa nimesimama: chupa sita nilizimwaga mimi, Jumanne, saa kumi na mbili na nusu, kwenye sinki la kushoto. Carlota alivuna. Alifanya kazi yake. Mimi nilidanganya.

Nilitegemea radi.

Akatabasamu! Akaniambia nikae. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba anajua ninavyompenda yule msichana, kila mtu anajua, hata chakula namletea. Kwamba ni jambo zuri mtu mzima kutaka kujitwika mzigo wa kijana. "Lakini bibi yangu, usijiharibie jina mwishoni. Karatasi ilikuwapo, yeye mwenyewe kasema, imeandikwa usitupe. Wewe si mtu wa kutupa kitu kilichoandikwa usitupe."

"Sikusoma usitupe. Nilisoma tupa."

"Bibi Etelvina. Kwenye sherehe ya Juni ulitusomea gazeti."

Ni kweli. Nilisoma kichwa cha habari kimoja. Nilikifanyia mazoezi siku tatu na Mwalimu Quitéria, nikajifanya nimekiona pale pale. Walinipigia makofi. Niliringa wiki nzima.

"Na faili lako la kampuni ya usafi linasema una darasa la nne."

Nikamwambia sina darasa la nne. Sina la kwanza. Siku ya kuandikishwa yule bwana aliuliza, nikasema la nne, akaandika. Miaka kumi na tisa nimejua chupa zenu kwa rangi ya kizibo na kwa rafu. Herufi nimeanza mwaka jana mwezi wa pili.

Hapo aliacha kutazama saa.

Akachukua karatasi mezani, akaandika kitu haraka, akaisukuma mbele yangu. Akasema nisome.

Mwandiko wa daktari! Kama kuku kapita kwenye tope. Nilitafuta mlango wa kuingilia. Niliona a. Niliona r mbili. Jasho lilinitoka mgongoni kama nikiwa na miaka saba, bibi mwenye nyumba ananiambia nilete mtungi ulioandikwa chumvi, na mingapi nimebeba ya sukari, na makofi mangapi. Nikasema sijui. Sijui inasemaje, Daktari.

Akaichukua. Akaikunja, akaikunja tena. Sura ilibadilika, sijui ilikuwa hasira au aibu, labda vyote. Akauliza kwa nini hukusema siku ile.

Nikasema, kwa sababu mlikuwa mnanitazama.

Akaitia ile karatasi mfukoni. Kisha akasema kamati inakaa kesho saa nne. Nije niyaseme haya mbele yao, yote, pamoja na hilo la darasa, maana bila hilo hawataniamini kama yeye hakuniamini. Na kwamba likishasemwa mbele yao litaandikwa, na likishaandikwa litafika kampuni, na hataweza kulizuia. Nifikirie usiku huu.

Nikamwambia nimeshafikiria siku saba, inatosha.

Mlangoni akaniita. Akauliza kama Carlota anajua.

Nikasema bado.

"Usiache asikie kutoka kwetu," akasema.

Nilimtafuta. Nilimtafuta kweli? Nilipita chumba cha panya, hayupo. Nilipita mgahawani, yupo, dirishani, mgongo kwangu, na chai. Nilisimama karibu na trei muda mrefu hadi mhudumu akaniuliza kama nataka supu. Nikatoka.

Alhamisi, 9 Novemba

Saa nne na robo. Nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Nimevaa gauni la misa. Abílio ndiye alichagua, akataka kunifunga kifungo cha shingoni mwenyewe. Ilichukua muda. Nilisimama nikangoja. Kimefungwa.

Nimekuja na daftari maana mikono bila kitambaa haijui ikae wapi.

Carlota yuko ndani tangu saa nne kamili. Alipita mbele yangu akiingia, akanishika bega, akasema, bibi, umekuja! Uso wote ukamwangaza. Anadhani nimekuja kumtia moyo. Nilifungua mdomo. Mlango ukafunguliwa wakamwita.

Nasikia sauti ya Daktari kupitia ukutani, maneno siyapati. Sauti ya Carlota haisikiki kabisa.

Watu wanapita na makoti meupe. Wananisalimu. Hawajawahi kunisalimu nikiwa na fagio. Ni gauni wanalisalimu.

Saa nne na nusu. Nikiitwa nitasema hivi: jina langu, kisha chupa, kisha sinki la kushoto, kisha darasa. Nisianze na darasa, nitalia.

Mlango. Katoka yeye. Macho mekundu. Anasema wamemwambia asubiri nje, kuna mtu mwingine wanataka kumsikia kwanza, hajui ni nani. Wanamalizia jambo, wataita. Kakaa hapa kando yangu. Kaniegemea begani, mzito kama mtoto aliyelala.

"Unajua nimewaambia nini, bibi? Nimewaambia sina hakika. Nimewaambia labda sikuvuna."

Hapana! Hapana, hapana. Nzima, hivyo, herufi zote.

Nilitaka kumgeukia nikamwambia. Ulimi hauendi. Mkono tu ndio unakwenda. Basi uende.

Anauliza: bibi, unaandika nini, hata huku? Anapangusa macho kwa mkono wa sweta, anacheka kidogo. Hajawahi kuniona nikiandika. Anasema nina mwandiko mzuri, mkubwa.

Anasema: "Mbona jina langu?"

Ningeweza kulifunga. Ni daftari langu, Mwalimu alisema hakuna atakayesoma.

Nimelisogeza juu ya goti lake. Nimefunua nyuma mpaka Jumanne ya kwanza, halafu karatasi hii ya leo nimeishikilia pembeni kwa kidole ili niendelee kuandika. Kainama. Nywele zake zinanigusa mkono. Kaanza pale juu, kwenye miguu inauma. Sasa yuko kwenye rafu ya chini.

Haegemei tena.

Mlango unafunguliwa, Daktari anasema jina langu. Namwonyesha kwa mkono asubiri. Bado hajafika mwisho, na anasoma haraka kuliko ninavyoandika.